Heksani Haivuki Mlango Huu

Jumatatu, 4 Machi
Mvua imeanza leo saa ya chai, na kama kawaida yake imeanzia upande wetu. Madirisha ya chumba cha maandalizi yanatazama huko huko inakotoka. Yakiachwa wazi kidogo tu, maji yanafika kwenye mizani. Tumeyafunga yote. Feni ya kabati la kuvuta mvuke ilikufa Januari, na kipuri chake tunaambiwa kiko njiani. Ni njia gani hiyo isiyofika, hakuna anayejua.

Kwa hiyo sisi na heksani tumebaki chumba kimoja.

Naiandika kazi yenyewe, ili siku nikisoma tena nisijidanganye. Wafanyabiashara wanatuletea mafuta ya kupikia tuwaambie kama ni safi au yamechanganywa. Mafuta hayaingii kwenye mashine ya kupimia hivi hivi, ni mazito mno. Kwanza nayapasha moto pamoja na methanoli yenye alkali kidogo, mpaka asidi zake za mafuta zigeuke kuwa esta, vitu vyepesi vinavyoweza kuruka. Halafu namimina kiyeyushi, natikisa, naongeza maji ya chumvi, nasubiri. Yanajitenga matabaka mawili: maji chini, kiyeyushi juu kikiwa kimebeba esta zote. Navuta lile la juu, nalikausha juu ya maji ya moto hadi kiyeyushi kiondoke na esta zibaki, kisha napeleka kwa Mkemia, dada mwenye mashine yake chumba cha pili.

Kiyeyushi chetu ni heksani. Kinapoondoka, kinapita puani mwetu.

Mjomba ndiye anayeosha glasi. Anazisuuza kwa heksani hiyo hiyo, mikono mitupu, maana anasema glavu zinamtelezesha. Ni mdogo wa mama yangu, tunaishi naye nyumba moja. Yeye ndiye aliyenilipia shule na ndiye aliyenileta hapa kazini.

Jumatano, 6 Machi
Mvua. Sampuli nyingi. Kichwa kinauma.

Ijumaa, 8 Machi
Mvua. Kichwa.

Jumatatu, 11 Machi
Mjomba ameingia chumbani na kandambili moja.

"Mjomba, nyingine iko wapi?"

Akaitazama miguu yake kama mtu anayeonyeshwa miguu ya jirani. "Si hii hapa," akasema. Ile nyingine ilikuwa kizingitini, imekaa peke yake kama mteja anayesubiri kuitwa.

Mkuu wa maabara alikuwa anapita, mikono ya shati ameikunja kama kawaida yake, hata siku ya baridi kama hii. Akacheka. "Mzee, umeanza kugawa urithi ukiwa hai?"

"Nakuachia wewe, Mkuu. Ila uoshe miguu kwanza."

Tulicheka sote. Jioni nimelifikiria tena na sijacheka. Sakafu yetu ni saruji tupu, na msimu huu ni baridi kama tumbo la chura. Mtu akiikanyaga kwa unyayo mtupu, anajua.

Alhamisi, 14 Machi
Mjomba alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni baada ya kazi. Mama akapita, akaona mvuke, akachovya kidole na kukitoa haraka.

"Mdogo wangu! Unajichemsha?"

"Maji ya kawaida haya."

Tulipomtoa, miguu ilikuwa imeiva hadi vifundoni. Hakuwa amehisi kitu.

Jumamosi, 16 Machi
Zahanati. Daktari, mwanamke mpole asiyeinua sauti, alimfunga Mjomba macho akawa anamgusa vidole vya miguu kwa ncha ya sindano. "Hapa?" "Bado hujaanza." Alikuwa ameshamaliza mguu mzima.

Akauliza anafanya kazi gani. Mjomba akasema anaosha vyombo. Mimi nikasema anaviosha kwa heksani. Daktari akaweka kalamu chini. "Mtoeni kwenye hiyo heksani. Inaharibu mishipa ya fahamu. Na mjue, hata akitoka leo, atazidi kidogo kabla ya kupata nafuu. Msiogope hapo katikati."

Tulipofika kona ya kwetu Mjomba akanigeukia.

"Mpwa wangu, nastaafu mwakani. Unga wangu usiumwage leo."

"Mjomba, utastaafu ukiwa umebebwa."

"Basi nitabebwa nikiwa na kiinua mgongo. Mimi ndiye niliyekuingiza pale. Usinitie aibu."

Nimemheshimu mtu huyu maisha yangu yote. Leo nimeamua kutomtii.

Jumatatu, 18 Machi
Nimekwenda kwa Mkuu. Nimemweleza miguu, beseni, sindano.

"Mimi nilifanya kazi na heksani miaka kumi na moja," akasema, "na niko hapa mbele yako, mzima. Mjomba wako ana uzee."

"Uzee hauanzi kwa kandambili, Mkuu."

"Utaratibu wetu unasema heksani."

"Nipe nafasi nitafute kiyeyushi kingine."

"Tafuta. Ila sampuli isichelewe hata moja. Na wewe mkaidi, ukishindwa, sitaki kusikia tena habari za miguu humu ndani."

Tangu mchana jina langu ni Mkaidi. Hata Bwana Stoo, mtunza ghala wetu, ananiita hivyo. Nimelipokea, linanikaa kama koti lililokatwa kwa kipimo changu.

Jumatano, 20 Machi
Ninachokitaka: kisichanganyike na maji, kizibebe esta zote, kiondoke bila kuondoka nazo, na kisimle mtu. Hilo la mwisho halimo kwenye utaratibu wetu. Nimeliongeza mwenyewe.

Leo klorofomu. Inabeba esta vizuri sana, lakini ni nzito kuliko maji, ikazama. Mjomba akachungulia neli ya kioo. "Huyu mgeni kapitiliza hadi jikoni." Tena sifa zake kwa ini ni mbaya. Siwezi kumtoa mtu mdomoni mwa fisi nikamtia mdomoni mwa chui.

Ijumaa, 22 Machi
Etha. Kizibo kiliruka chenyewe na kugonga taa. Inaondoka kabla hujaiaga, na cheche moja inatosha kutupeleka sote dirishani. Hapana.

Jumatatu, 25 Machi
Ethili asetati. Haina ukali puani, nikaipenda mapema mno. Kumbe yenyewe ni esta kama hizo ninazozitafuta: alkali iliyobaki kwenye neli ikaishambulia nayo. Halafu inakunywa maji. Nilingoja matabaka yajitenge hadi nikaona aibu mbele ya neli. Hapana.

Mvua haijakata tangu juzi. Mjomba kaangusha chupa mbili. Anasema zina sabuni. Hazikuwa na sabuni.

Jumatano, 27 Machi
Bwana Stoo amekuta chupa za heptani nyuma ya rafu, zimesahauliwa na watu wa mradi fulani. "Chukua, Mkaidi, ziniachie nafasi."

Heptani ni ndugu wa damu wa heksani, amemzidi kaboni moja tu. Mkemia anasema mwili ukiivunja heksani unatengeneza kitu kinachoshambulia mishipa ya fahamu, na kwamba heptani haifanyi hivyo kwa kiasi cha kutisha. "Lakini si manukato," akaniambia. "Usiilalie." Sawa. Ndugu mmoja akiwa mwizi, ukoo mzima haufungwi, ila mtu anafunga mlango.

Inaelea juu ya maji, mpaka unaonekana safi kama umechorwa kwa rula. Kasoro yake ni uvivu: haitaki kuondoka. Heksani ingekuwa imeshakauka, hii bado inaulizia chai.

Jumanne, 2 Aprili
Majibu ya alizeti, ufuta, pamba: yote yamelingana na ya heksani. Mkuu amesoma, amekunja karatasi, hakusema neno. Nimechukua ukimya wake kama ruhusa. Glasi sasa ni maji ya moto na sabuni, halafu spiriti kidogo, na zinaoshwa nje kwenye kibaraza. Mjomba ananung'unika kwamba nimemrudisha jikoni.

Jumatano, 3 Aprili
Mvua. Kichwa hakiumi.

Jumanne, 9 Aprili
Nimeharibu.

Sampuli zilirundikana, na heptani na uvivu wake haikuniruhusu kumaliza. Nikaongeza moto. Nikafungulia na hewa juu ya neli ili ikauke upesi. Ilikauka kweli. Mchana Mkemia akaja na karatasi akiwa ameukunja uso.

"Haya mafuta ya nazi ya yule mfanyabiashara mnene, mashine inasema yamechanganywa."

Mfanyabiashara mwenyewe alikuwa amekaa mapokezi, amekunja nne, anasubiri cheti. Mkuu alikuwa ameshashika kalamu ya kuandika kwamba ni mdanganyifu.

"Ngoja," Mkemia akasema. "Nimepitisha na yale mafuta yetu ya nazi ya kulinganishia, ambayo tunajua ni safi. Nayo yamefeli. Kama yaliyo safi yamefeli, basi tuliofeli ni sisi."

Nikaelewa hapo hapo, na masikio yakapata moto. Mafuta ya nazi yana esta fupi, nyepesi kuliko za alizeti. Nilikuwa naifukuza heptani, na zile nyepesi zikashika mkia wake zikaondoka nayo.

Nilikwenda mwenyewe kumwambia mfanyabiashara kwamba kosa ni langu, mafuta yake yatapimwa upya. "Binti," akasema, "kidogo uniulie jina langu." Ana haki.

Mkuu hakupiga kelele. Laiti angepiga. "Kesho, heksani," akasema. "Mchezo umekwisha."

Jumatano, 10 Aprili
Naandika yote kama yalivyosemwa.

Asubuhi nilikuta chupa ya heksani imewekwa mezani kwangu, kizibo kimeshafunguliwa, kama chakula kilichopakuliwa. Mkuu alikuwa amesimama kando yake. Madirisha yamefungwa, mvua inapiga vioo. Mjomba ameingia kuchota maji kwenye sinki, mgongo ametugeuzia.

Nikakirudisha kizibo.

"Sampuli zote nitafanya," nikasema. "Za jana nitarudia bila kudai muda wa ziada. Lakini si kwa heksani, si ndani ya chumba kisicho na feni."

"Hujaulizwa."

"Najua. Ndiyo maana nimesema mwenyewe."

"Unajua leo ukitoka, kesho kutakuwa na foleni getini ya watu wanaoitaka nafasi yako?"

"Uwaambie na feni imekufa. Na kabla hawajasaini, uwaonyeshe miguu ya Mjomba."

Mjomba akageuka. "Mpwa, funga mdomo." Sauti yake ilikuwa ya kuomba, si ya kuamuru, na hilo ndilo lililoniuma.

"Jana kidogo umfunge mtu asiye na hatia," Mkuu akasema, "halafu leo unanihubiria?"

"Jana nimekosea, na nimekwenda kukiri mwenyewe. Wewe utakwenda kukiri kwa nani?"

Akanyoosha kidole mlangoni. "Toka."

Nilitoka, lakini sikwenda nyumbani. Nimekaa kwenye benchi la korido mkabala na mlango, na koti langu jeupe, mikono mapajani. Kila aliyepita alinikuta. Bwana Stoo akauliza, "Mkaidi, umefukuzwa au unasubiri daktari?" Nikamwambia nalinda mlango. Ndani hakuna neli iliyotikiswa, kwa sababu hakuna mwingine anayeifanya kazi hiyo, na Mkuu ameshasahau inavyofanywa.

Mchana Mkemia akatoka na vikombe viwili vya chai, akakaa.

"Heptani haina kosa," akasema. "Kosa ni kule kukausha."

"Bila kukausha utapata nini? Esta zitakuwa zimeyeyushwa kwenye kiyeyushi kingi."

"Ndiyo. Na kwa nini hiyo ni mbaya?"

"Kwa sababu tunakausha siku zote."

"Nani alianza?"

Hakuna aliyejua. Tukaenda kumuuliza Mkuu, mimi nikibaki nje ya kizingiti chake kwa kuwa nilikuwa nimefukuzwa. Akajibu kana kwamba anasoma maandishi yaliyo mbali. Mashine ya zamani ilikuwa kipofu nusu. Bila kuikolezea esta haikuona kitu. Ndiyo maana yeye na wenzake, enzi hizo, walikausha.

"Hiyo mashine iliondoka lini?" Mkemia akauliza.

Iliondoka kabla mimi sijaajiriwa. Mashine mpya inaona hata tone lililopotea njia. Mashine ilibadilishwa, mikono haikuambiwa. Miaka yote hii tumekuwa tukiivukiza heksani vifuani mwetu ili kuisaidia mashine ambayo iliuzwa kama chuma chakavu.

Mkuu akasugua uso. "Fanyeni sampuli ishirini bila kukausha. Za nazi ziwe nusu. Ikikosea moja tu, wote wawili mtakaa benchi."

Ijumaa, 12 Aprili
Zote ishirini zimekubali. Nazi ni nazi.

Jumatatu, 15 Aprili
Kikao. Mkuu kasema: "Baada ya kutafakari sana, nimeamua tutumie heptani, na tusikaushe." Mkemia alinikanyaga mguu chini ya meza nisicheke. Mwache aichukue sifa yote. Mimi nilitaka miguu tu.

Ijumaa, 26 Aprili
Mjomba kaanguka kwenye ngazi za mlango wa nyuma. Goti limepasuka.

Jumapili, 5 Mei
Ameanza kutembelea fimbo. Vifungo vya shati anafungiwa na Mama, huku mwenyewe akiitazama dari wakati huo wote. Mama leo amenivuta pembeni.

"Uliniambia sumu imeondolewa. Mbona mdogo wangu anazidi?"

"Daktari alisema atazidi kwanza, Mama."

"Daktari alisema kidogo. Hiki ni kidogo?"

Nimempikia Mjomba, nimemwekea maji, nimeyapima mwenyewe kwa kiwiko. Inanyesha kama mbingu imesahau kufunga bomba.

Jumanne, 14 Mei
Bwana Stoo amekuja akisukuma pipa jipya kwenye mkokoteni. Heksani. Mtu fulani kaiuza kwa bei ya kutupa, na Mkuu kainunua.

"Heptani inakaribia kwisha," Mkuu akasema. "Halafu tuseme ukweli. Heksani imeondoka mwezi mzima na mzee anazidi kuwa mbaya. Haikuwa na kosa."

Nikasimama mlangoni. Nikamweleza alichosema daktari: mishipa huendelea kunyauka muda baada ya sumu kwisha, kama sufuria inavyochemka ukiwa umeshazima moto. Akasema huo ni utetezi wa mtu aliyeshindwa.

"Basi nifukuze," nikasema. "Safari hii kwa maandishi, na sababu uiandike kwa mkono wako: amekataa heksani."

Nyuma yangu nikasikia fimbo. Mjomba alikuwa anakuja, anaburuta kiti kwa mkono mmoja. Nikajua amekuja kuniamuru niondoke, nikajiandaa kumkatalia mbele za watu. Akanipita. Akakiweka kiti kizingitini, katikati kabisa, akaketi, akaipitisha fimbo toka mwimo mmoja wa mlango hadi wa pili.

"Bwana Stoo, mwanangu," akasema, "pipa likitaka kupita, lipite juu yangu. Usiwe na wasiwasi na miguu, haitasikia kitu."

Bwana Stoo akacheka, akagundua hakuna mwingine anayecheka, akaacha.

"Mzee, kiinua mgongo chako," Mkuu akasema.

"Mwanamke wa watu ananifunga vifungo, Mkuu. Dada yangu. Nina umri wa babu na nafungwa vifungo kama wa chekechea. Kiinua mgongo nitakihesabu kwa vidole vipi?"

Fimbo ikamponyoka, ikabingirika hadi miguuni mwa Mkuu. Mkuu akainama kuiokota. Akaigusa, ikateleza. Akaigusa tena. Vidole vyake viliizunguka kama vya mtu aliyevaa glavu nene. Mara ya tatu nikaiokota mimi. Na hapo ndipo nilipoiona mikono yake ya shati, iliyokunjwa tangu siku ya kwanza niliyomfahamu. Haikukunjwa kwa mtindo. Vifungo vya mkononi vilikuwa havijawahi kufungwa. Hata nyuzi za matundu yake zilikuwa mpya.

Aliniona nikiona.

"Miaka kumi na moja," akasema kwa sauti ya chini, kwa Mjomba, si kwangu. "Nilidhani ni mimi tu."

Halafu akakohoa, akawa Mkuu tena. "Bwana Stoo! Rudisha hicho kitu kilikotoka. Na ukirudi, uwapigie simu watu wa feni. Waambie nimesema mimi."

Nimemwonea huruma. Sijamsamehe. Vyote viwili vinaweza kukaa chumba kimoja, mradi madirisha yawe wazi.

Jumatano, 29 Mei
Feni imefungwa. Inapiga kelele kama mtambo wa kukoboa nafaka. Hakuna anayelalamika.

Alhamisi, 6 Juni
Mjomba bado vile vile. Daktari kasema subirini.

Jumatano, 12 Juni
Vile vile. Nimeandika kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa chumba cha maandalizi: HEKSANI HAIVUKI HAPA. Mkuu amesimama akasoma. Akasema herufi zimepinda. Hakusema zifutwe.

Ijumaa, 21 Juni
Siku nzima hakuna wingu. Madirisha yote manne yalikuwa wazi.

Jioni tulikuwa tunarudi nyumbani, Mjomba na fimbo yake, mimi hatua moja nyuma kama nilivyozoea, tayari kumdaka. Tulipofika kwenye kokoto za mlango wetu akasimama ghafla. Nikadhani anaanguka. Akauinua mguu wa kushoto, akaupiga chini, akauinua tena, kisha akafungua kinywa na kutoa tusi ambalo sikujua kwamba analijua. Likafuatwa na la pili, refu zaidi, lenye ukoo mzima ndani yake. Akavua kandambili, akaikung'uta. Kikaanguka kijiwe kidogo kuliko punje ya mahindi.

Alikitazama pale chini. Nami nikakitazama.

Mama akatoka mbio na mwiko mkononi. "Kuna nini? Nani katukanwa?"

"Jiwe," nikamwambia.